Masjala Isiyo na Makabati: Historia ya Serikali Mtandao, Itazamwapo Kutoka Lushoto

Mkaazi wa Mtae, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikatandaa chini yake, alikuwa hapo zamani akitaka kusoma tangazo la serikali ya wilaya yake hana budi kusafiri hadi Lushoto, ashuke na kupanda mabonde ya Lukozi na Magamba, kisha asimame mbele ya ubao uliopigiliwa nje ya ofisi, atafute karatasi yake baina ya karatasi nyingine zilizopauka kwa jua na kulowa kwa ukungu, na aghalabu akute kwamba muda wa tangazo lile umekwisha siku mbili kabla ya kufika kwake. Taasisi ambayo nimekusudia kuandika habari zake, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa jina la Wakala ya Serikali Mtandao na ambayo leo ni Mamlaka, haikuung'oa ubao ule. Iliuwekea mwenziwe asiyeloa, na kazi ya kumlea mwenzi huyo ndiyo sehemu kubwa ya hadithi hii, ingawa katika hotuba za maadhimisho husemwa kwa uchache mno.

Milima hii haikuwa ngeni kwa maandishi ya utawala. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, makao ya Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi, alikuta huko Waislamu kutoka pwani, wajuzi wa kusoma na kuandika, waliokuwa mlangoni pa mfalme. Na haikuwa ajabu, maana dola iliyotazamana na Pangani na Unguja ilihitaji barua kama ilivyohitaji mikuki. Wadachi walipoitwaa nchi, wakaita Lushoto Wilhelmstal kwa jina la Kaizari wao, na reli iliyoanzia Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, waliitawala milima hii kwa maakida na majumbe walioandikiana na boma kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Waingereza nao wakaleta majalada yenye namba, daftari la barua ziingiazo na zitokazo, na karani wa masjala ambaye hapana mkuu aliyeweza kumdharau, kwa sababu yeye pekee ndiye aliyejua barua ilipo. Shaaban Robert mwenyewe, fahari ya mkoa huu wa Tanga, alikula mshahara wa serikali kwa kazi ya ukarani, forodhani kwanza na baadaye katika ofisi za mji wa Tanga. Naitaja nasaba hii kwa makusudi, kwani wengi hudhani kwamba tovuti ya serikali ni mtoto wa mitambo, ilhali kwa mtazamo wangu ni mtoto wa masjala, na kila palipoharibika jambo katika malezi yake ni pale aliposahauliwa mzazi huyo.

Mitambo yenyewe ilikuja nchini kwa mwendo wa kusitasita. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Walakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilidumu hata kufikia miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa hiyo wakati Tim Berners-Lee alipokuwa katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, akibuni mwaka 1989 namna ya kuunganisha nyaraka kwa viungo, na wakati maabara hiyo ilipoutoa ubunifu wake bure kwa walimwengu tarehe 30 Aprili 1993, Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza inaufungua mlango. Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003. Mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam Julai 2009, ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa bara, hata nchi ambayo ilikuwa ikizungumza na dunia kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa subira kubwa zaidi, ikapata njia pana ya kupita chini ya bahari.

Njia ilipokuwa pana, ndipo uchache wa mpango ulipodhihirika. Katika miaka ile ya mwanzo wizara na idara zilijitengenezea tovuti kila moja kwa fundi wake: nyingine ilifadhiliwa na mradi, na mradi ulipokwisha ikafa, nyingine ilikuwa chini ya jina la biashara lisilo na alama yoyote ya serikali, nyingine funguo zake zilikuwa mikononi mwa kijana mmoja wa kampuni ya mjini ambaye alipobadili kazi hapana aliyeweza hata kusahihisha jina la Katibu Mkuu. Maofisa wenye vyeo vizito waliandikiana mambo ya dola kwa anwani za barua pepe zilizotolewa bure na makampuni ya Marekani. Mtu angeweza kucheka. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza tovuti, popote duniani, anajua kwamba hali hiyo ndiyo maumbile ya kazi hiyo pasipo mlezi. Kujenga huchukua wiki kadhaa na huleta sifa. Kutunza huchukua miaka, na hakumpi mtu sifa yoyote.

Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997, ikawekwa katika Ofisi ya Rais upande wa utumishi wa umma, na mtendaji mkuu wake wa kwanza akawa Dakta Jabiri Bakari, mtaalamu wa usalama wa mifumo ya habari, ambaye baadaye aliongoza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kuchaguliwa kwa mtu wa usalama kuwa mwanzilishi kulitia chapa katika tabia ya taasisi nzima. Mtu wa urembo angeanza na sura za kurasa. Hawa walianza na majina, viwango, na mahali pa kuhifadhia.

Suala la majina linastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndilo lisiloonekana. Msichana aliyeko Mlalo, akiwa na simu mkononi, anapoandika anwani ya halmashauri yake, simu yake haijui mahali ilipo tovuti hiyo, inauliza. Swali lake huchukuliwa na seva ya kampuni ya simu, ambayo, ikiwa haina jibu katika kumbukumbu yake, huziendea seva za mzizi ambazo dunia nzima huzitegemea; hizo huielekeza kwenye seva za .tz, zilizosimamiwa kwa miaka mingi na tzNIC, kituo kilichoandikishwa mwaka 2006 kwa ubia wa Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti. Na huko ndiko panapojulikana go.tz ya serikali, ac.tz ya vyuo, co.tz ya wafanyabiashara, hata hotel.tz, ambayo wenye nyumba za wageni wa Irente na Magamba wangefaidika nayo kuliko wanavyofaidika sasa. Mwisho wa safari hupatikana namba ya seva, na simu sasa huenda kubisha hodi kwa namba hiyo, ikague cheti cha mwenye nyumba ili iweze kuonesha alama ya kufuli, ndipo ukurasa uanze kushuka. Yote haya hutimia kabla msichana hajamaliza kupepesa macho, iwapo mtandao ni mzima. Wakala ilipopewa dhamana ya kusimamia majina ya go.tz, ilipewa kwa kweli ulinzi wa lango: asiyekuwa ofisi ya umma hawezi kujiita hivyo, na raia aliyeko mbali anayo njia moja nyepesi ya kumtambua mwongo.

Kazi kubwa ya pili ilikuwa kiunzi. Badala ya kila ofisi kujengewa tovuti yake kutoka kwenye msingi, wahandisi wa Wakala walisanifu kiunzi kimoja cha tovuti za serikali, ambacho ndani yake ukurasa una mahali pa nembo ya taifa, mahali pa picha kubwa ya juu, safu ya habari mpya, safu ya matangazo, machapisho, anwani na ramani, na nyuma ya yote hayo hifadhidata moja inayotunza maneno mbali na sura. Ni kalibu ya matofali: udongo unaletwa na kila kijiji, bali umbo la tofali ni lile lile. Machi 2017, mjini Dodoma, yalionekana matunda ya kalibu hiyo pale zilipozinduliwa kwa mkupuo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara, kazi iliyofanywa pamoja na Ofisi ya Rais TAMISEMI na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na watu wa Marekani. Katika idadi hiyo zilikuwamo Lushoto na jirani yake Bumbuli, maana wilaya hii ya milimani, ambayo sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 ndani yake, imegawanywa katika halmashauri mbili. Na kwa mgawanyo huo Vuga ya Wakilindi imeangukia upande wa Bumbuli, kwa hiyo mwenye kutafuta habari za makao ya kale ya Kimweri katika masjala mpya aanzie huko.

Hapa historia ya taasisi inatoka Dar es Salaam na Dodoma, inapanda barabara ya Mombo kwa kona zake juu ya maporomoko ya Soni, na kuingia katika chumba cha kawaida cha ofisi ya halmashauri. Ofisa TEHAMA wa wilaya si fundi wa tovuti peke yake. Ndiye anayeitwa mashine ya kuchapia inapokataa karatasi, mfumo wa mapato unapogoma, kompyuta ya mhasibu inapoingiwa na virusi, na mkutano wa video na mkoa unapokosa sauti. Na baina ya wito mmoja na mwingine ndipo hukaa na mwenzake Ofisa Habari kuilisha tovuti. Habari huja kwa sura ya picha za ziara: mkuu fulani amekagua darasa, waheshimiwa madiwani wamekaa katika baraza, miche imepandwa kandokando ya chanzo cha maji. Picha ikitoka kwenye kamera ina uzito wa megabaiti tano au sita, na mtu asiyejua huipakia hivyo hivyo, halafu akashangaa kuona ukurasa unamchosha msomaji wa Mlola mwenye bando la shilingi mia tano. Mjuzi huipunguza kwanza mpaka ikawa kilobaiti mia mbili, akaiandikia maelezo mafupi, akahakiki majina na vyeo mara mbili, kwa kuwa kosa la cheo hutafutiwa mwenyewe kabla ya saa sita mchana, kisha akaiweka na tarehe.

Tangazo lina taabu zake nyingine. Aghalabu huletwa likiwa karatasi iliyokwisha kutiwa saini na muhuri, kwa sababu pasipo muhuri hapana anayeliamini, na huyo ofisa hulipiga picha kwa mashine na kulipakia. Msomaji wa macho hulisoma bila shida. Mashine za kutafutia, ambazo husoma herufi wala hazisomi picha ya herufi isipokuwa kwa juhudi ya ziada, huliona kama zionavyo picha ya mlima. Hivyo orodha ya majina mia ya walioitwa kwenye usaili wa utendaji wa kijiji inaweza kuwamo katika tovuti kwa uhalali wote, na mwenye jina lake asilipate kwa kulitafuta. Vivyo hivyo kipofu anayesomewa na simu yake hatasikia chochote. Nimeona wataalamu wakibishana juu ya rangi za tovuti za serikali kwa jazba kubwa. Laiti jazba hiyo ingaligeuzwa kidogo kuelekea jambo hili la karatasi zilizopigwa picha, faida yake ingalionekana upesi.

Kuna siku za utulivu na siku za mafuriko. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanapotoka, au matokeo ya mitihani, au nafasi za kazi, watu wote hubisha mlango mmoja kwa saa ile ile, na seva iliyokuwa ikisinzia huanza kuhema. Katika zama za fundi mmoja mmoja, tovuti iliyohifadhiwa kwa bei rahisi ilizimika siku ile hasa ilipohitajiwa. Kuhifadhi tovuti nyingi katika vituo vya pamoja kuliwapa wahandisi uwezo wa kuhamisha nguvu kutoka panapolala kwenda panapoamka, kuchukua nakala za akiba, kuziba nyufa za usalama kwa pamoja badala ya mara mia mbili, na kugundua mapema pale wahuni wanapojaribu kuchafua kurasa za mbele kwa maandishi yao. Kinyume chake ni kwamba ufa ukipatikana katika kiunzi, umepatikana kwa wote. Anayeitumia kalibu moja hubeba hatari hiyo, na ndiyo sababu nikasema kwamba kuanza na mtu wa usalama kulikuwa na busara.

Inafaa tulinganishe na wengine. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wa 2012, Uingereza ilizindua GOV.UK na kuanza kuzifuta tovuti za wizara moja moja, ili raia asihitaji kujua kazi fulani ni ya ofisi gani. Aulize jambo lake, ajibiwe. Kenya, baada ya katiba mpya kuzaa kaunti 47, iliacha kila kaunti ijitafutie sura na fundi wake. Tanzania imesimama katikati: kila ofisi ina mlango wake na jina lake, lakini milango yote imechongwa na seremala mmoja. Naipenda njia hii kwa upande mmoja, kwa sababu mtu wa Lushoto anajua halmashauri yake na ana haki ya kuidai ukurasa wake yenyewe. Na aliyekwisha kuzoea tovuti ya wilaya moja hapotei katika ya pili. Kwa upande wa pili kuna hasara ambayo haifai kufichwa katika maandishi ya kumbukumbu. Ukiiondoa picha ya juu na jina, tovuti ya nchi ya ukungu, ya mapeasi na matufaha, ya kabichi zinazosubiri malori katika soko la Lukozi na ya chai inayochumwa kwenye miteremko ya Bumbuli, haitofautiani na ya wilaya iliyo katikati ya nyanda kavu. Vichwa vya habari ni vile vile: Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Miradi, Machapisho. Mkulima anayetaka kujua kama barabara ya Mombo imefungwa kwa maporomoko ya udongo hana mahali palipotengwa kwa ajili ya swali lake, ingawa wakati wa masika hilo ndilo swali kuu la milima hii. Kiunzi hakimkatazi ofisa kuliandika jambo hilo. Kinamzoeza tu kufikiri kwa safu alizozikuta.

Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10, na Wakala ikawa Mamlaka. Si jina pekee lililobadilika. Wakala ilishauri, na ofisi iliyokuwa na fedha zake iliweza kuusikiliza ushauri huo na kwenda zake. Mamlaka ina sheria nyuma yake, na taasisi ya umma itakayo kujenga mfumo haina budi kupita kwake, ili isijengwe mifumo mitatu ya kazi moja isiyosalimiana. Mhandisi Benedict Ndomba alishika uongozi baada ya Dakta Bakari. Kazi ya tovuti, ambayo ilikuwa uso wa taasisi katika utoto wake, sasa imekuwa tawi moja tu miongoni mwa matawi ya barua pepe za serikali, mtandao wa ndani unaounganisha ofisi, na mifumo ya kubadilishana taarifa. Vijana wanaotoka vyuoni hupenda zaidi kuwekwa katika matawi hayo mapya, na sioni sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa hapana aliyepata tuzo kwa kuifanyia marekebisho hifadhidata ya matangazo.

Walakini lipo deni la masjala ambalo bado halijalipwa. Majalada ya Wadachi, pamoja na yale ya wilaya walizozitawala, yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, na UNESCO iliyaingiza katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mwanafunzi akitaka kuyasoma ataomba ruhusa, ataletewa, atasoma. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, inaitambua nyaraka ya serikali iwe ya karatasi au ya namna nyingine yoyote. Tangazo la tovuti basi ni nyaraka kamili. Lakini katika chumba cha ofisa wa wilaya mambo ni mawili yaliyo rahisi, na yote mawili ni mabaya: ama tangazo la zabuni iliyokwisha zamani hubaki katika ukurasa wa mbele likiwapoteza watu, ama hufutwa kwa kubonyeza mara moja, bila namba ya jalada, bila nakala kwenda masjala, na bila mtu yeyote kuweka saini kwamba ameliondoa. Karani wa zamani asingaliruhusiwa kuchoma barua hata moja kwa namna hiyo. Njia ya tatu, ya kuliondoa tangazo machoni pa watu na kulihamishia katika hifadhi yenye tarehe na namba ambako mtafiti wa mwaka 2080 atalikuta, haihitaji ufundi wa ajabu. Yahitaji safu moja zaidi katika kiunzi, na waraka mmoja unaomwambia ofisa wa Lushoto, na wenzake wa halmashauri nyingine zote, ni nani anayepaswa kuitumia na lini.